Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tamka neno kuhusu dripu za seli shina

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Seli shina zinazouzwa kwa wagonjwa wa Parkinson

Natanguliza salamu, na naomba radhi ikiwa barua hii itakufikia kabla ya zile nilizokuandikia kwa kufuata ngazi zote. Zile zilipokelewa na kugongwa muhuri. Msaidizi wako alinieleza kwa upole mkubwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Sina shaka linafanyiwa. Kazi yenyewe ndiyo sijaiona, na kwa hiyo leo naandika mbele za watu.

Kilichonimaliza subira ni yaliyompata mwenzetu mmoja wa kikundi chetu cha wagonjwa. Sitamtaja jina. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na ameishi na ugonjwa huu wa ubongo, unaotetemesha na kukakamaza mwili, miaka mingi bila kelele. Aliuza kiwanja, fedha yote akaipeleka kwenye kituo kinachotutumia matangazo kwenye simu kutwa kucha, kwamba kinatibu Parkinson, kisukari, magoti na ugumba kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Magonjwa manne, dripu moja. Akatundikiwa dripu mkononi. Kisha akaambiwa, na hapa ndipo nusura roho imtoke, aache vidonge vyake vya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, siku hiyohiyo ili visizuie seli mpya kufanya kazi.

Daktari yeyote wa mishipa ya fahamu angemwambia kwamba levodopa haiachwi ghafla. Mwili uliozoea dawa hiyo ukikatiwa mara moja unaweza kukakamaa, joto likapanda, misuli ikaanza kuharibika, fahamu zikapotea, na mtu akafa. Mwenzetu alikakamaa. Mwanawe alipomkuta asubuhi alishindwa kumkunja goti ili amkalishe kwenye gari. Walimbeba amenyooka vilevile, jasho linamtiririka, macho yako wazi na neno halitoki. Ninapoandika haya bado yuko wodini, analishwa kwa mpira wa puani. Jana jioni tangazo la kituo kile limenifikia tena. Sasa kuna punguzo la bei.

Mheshimiwa, nikukumbushe kidogo, maana najua una mengi. Siku ya Parkinson Duniani, tarehe 11 Aprili, ulikuja kutuhutubia ukiwa na ua jekundu la tulipu kifuani. Ua lilikupendeza. Ulituahidi kwamba dawa hazitakosekana tena, kwamba wataalamu wataongezwa, na kwamba matapeli wa tiba, maneno yako hayo, watashughulikiwa bila huruma. Tukakupigia makofi, wale ambao mikono yetu bado inakubali kukutana. Ahadi ni deni. Sikudai riba, nadai lile deni lenyewe tu.

Tuanze na dawa, kwa sababu utapeli huu unaanzia pale dirishani. Kwenye kioo cha dirisha la dawa ninakochukulia vidonge imebandikwa karatasi: levodopa hakuna, jaribu wiki ijayo. Karatasi hiyo imekaa mpaka kingo zimegeuka njano. Nadhani imeshapata ajira ya kudumu. Dawa yenyewe si ngeni wala si ya anasa. Ilianza kuwarudisha watu kwenye miguu yao miaka ya 1960, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na mwenzake kabidopa, anayeisaidia kufika kwenye ubongo. Ubongo wetu unakosa dopamini, kemikali inayouwezesha kuendesha mwendo wa mwili, kwa sababu seli zinazoitengeneza, zilizo kwenye kijisehemu cheusi katikati ya ubongo, zinakufa polepole. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda. Levodopa inazipa zilizobaki malighafi ya kutengenezea dopamini. Haimponyi mtu, lakini bila hiyo mimi ni gogo.

Sisemi hivyo kwa kutafuta huruma. Dirisha likikosa dawa nakata kidonge kwa kisu ili kinifikishe mbali. Nguvu yake inaisha kabla ya saa ya kipande kingine, na hapo naganda. Mahali pangu pa kugandia ni mlangoni. Kiwiliwili kinataka kupita, miguu imeshika sakafu pale kizingitini. Mke wangu amejifunza kuweka mguu wake mbele ya wangu ili niuvuke, maana ubongo huu wa ajabu unakataa kutembea lakini unakubali kuruka kikwazo. Basi namruka mke wangu ili nifike chooni. Mwandiko nao umesinyaa. Juzi benki walinirudishia fomu kwa kuwa saini haifanani na ile iliyoko kwao. Binti wa dirishani akaniomba kwa adabu nisaini tena, kubwa kidogo. Nikasaini tena. Ikatoka ndogo zaidi. Fedha niliyokuwa nakwenda kuchukua ilikuwa ya kununulia dawa duka la nje, kwa kuwa ya kwenu haipo.

Sasa mtu wa hali hiyo akisikia kuna dripu itakayomrudishia mkono wake, unategemea afanye nini? Mfa maji hukamata maji. Wale wa kituo wanalijua hilo kuliko wizara. Wanapokea simu, wanamsikiliza mgonjwa, hata chai wanampa. Katika wizara yako hakuna anayepokea simu.

Nakuomba pia usidhani napinga seli shina. Nazifuatilia kwa hamu kuliko mtu yeyote ofisini kwako, na sababu ninayo mkononi, inatetemeka. Msaidizi wako aliniambia hayo ni mambo ya watafiti, ya miaka mingi ijayo. Kwa heshima zote, amepitwa na wakati. Laiti wizara ingetueleza ukweli wake mapema, tapeli asingepata nafasi ya kutueleza uongo wake.

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha. Mwaka 1987 madaktari wa Lund, Sweden, walianza kupandikiza kwenye ubongo wa wagonjwa tishu iliyotoka kwa vijusi, yenye seli changa za dopamini. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu iliyodumu miaka. Dunia ikachangamka. Kisha likafanyika jaribio la Marekani ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2001. Wagonjwa 40 walishiriki. Nusu walipewa seli, nusu wakatobolewa fuvu tu bila kuwekewa kitu, na wenyewe hawakujua nani kapata na nani kakosa, ili kazi ya seli itenganishwe na nguvu ya matumaini. Nafuu ilionekana zaidi kwa waliokuwa na umri mdogo. Lakini baadhi ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga mwili bila kutaka, hata pale walipokuwa hawajameza dawa. Utafiti wa aina hiyo ukasimama kwa miaka. Wale waliokubali kutobolewa kichwa bila kupewa kitu ili sisi leo tujue ukweli, mimi nawavulia kofia kila nikiwakumbuka.

Tatizo jingine lilikuwa malighafi. Tishu ya vijusi ilikuwa haba, haikulingana ubora, na ilizua mjadala mzito wa maadili. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani akafaulu kukuza maabara seli shina za kiinitete cha binadamu, yaani mimba ya siku chache tu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akaonyesha kwa panya kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa utotoni, ikawa seli shina upya, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Tangu hapo seli za dopamini zikaanza kuandaliwa kwa wingi maabara, zikapimwa, zikahifadhiwa, na kundi moja likafanana na jingine.

Mheshimiwa, hapa nakuomba usome polepole. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Kyoto kilianza kuwapandikiza wagonjwa seli zilizotokana na njia ya Yamanaka. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 kwenye jarida la Nature: wagonjwa 7 wa umri wa miaka 50 hadi 69, waliofuatiliwa kwa miezi 24, bila madhara makubwa. Picha za ubongo zilionyesha dopamini ikitengenezwa upya. Kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 mwendo wao ulikuwa bora hata pale dawa ilipokuwa imeisha mwilini. Siku hiyohiyo yakatoka matokeo ya BlueRock, kampuni iliyowapandikiza wagonjwa 12 Marekani na Kanada seli zilizotokana na kiinitete. Huko nako hakukuonekana madhara makubwa yaliyosababishwa na seli, na baada ya miezi 18 waliopewa kiwango kikubwa walionekana kunufaika zaidi. Lund na Cambridge ya Uingereza nao walianza jaribio la kwao mwaka 2023. Japani, kampuni ya Sumitomo Pharma iliomba kibali cha kuuza tiba ile ya Kyoto mwaka 2025. Hayo ndiyo mambo ambayo msaidizi wako anasema ni ya miaka mingi ijayo.

Hata hivyo watafiti wenyewe hawajapiga vigelegele, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Wagonjwa 7 na wagonjwa 12 ni wachache mno. Majaribio hayo hayakuwa na kundi la kulinganisha, na tumeshaona mwaka 2001 kwamba matumaini nayo yanamtembeza mtu. BlueRock imeingia hatua ya tatu ya majaribio, yenye wagonjwa wapatao 100 na upasuaji wa kuigiza kwa baadhi yao. Isitoshe, seli hizo zimelenga mwendo. Kukosa choo, usingizi wa mang'amung'amu, sauti inayofifia, kumbukumbu inayoteleza, hayo hakuna aliyeonyesha kwamba yanaondoka. Na ugonjwa unaweza kuzifuata hata seli ngeni. Mwaka 2008 uchunguzi wa maiti ulikuta dalili za Parkinson ndani ya baadhi ya seli zilizopandikizwa zaidi ya miaka kumi kabla.

Linganisha sasa na dripu ya kituo chetu. Katika majaribio haya mapya ya seli shina niliyoyataja, seli zilipelekwa na daktari wa upasuaji wa ubongo kwa sindano nyembamba, kwa kuongozwa na picha, hadi sehemu iitwayo putameni, mahali penyewe ambapo dopamini inahitajika. Zilikuwa seli zilizokwisha kuelekezwa kuwa za dopamini. Wagonjwa walipewa dawa za kutuliza kinga ya mwili, mwaka mzima au zaidi, ili seli zisikataliwe. Hakuna hata mmoja aliyewekewa kwenye mshipa wa mkono, kwa sababu seli zikiingia hapo nyingi hunaswa kwenye mapafu, na ubongo una ukuta wake unaochuja kinachotoka kwenye damu. Ni sawa na kutupa barua mtoni ukitegemea iingie mlangoni kwa mtu. Na wagonjwa wa Kyoto waliendelea kumeza dawa zao. Narudia kwa ajili ya mwenzetu aliyeko wodini: waliopandikizwa seli za kweli, kwenye ubongo, na madaktari wa kweli, waliendelea kumeza dawa zao.

Seli zenyewe zilizomo kwenye ile dripu ni za nini? Mwanawe aliuliza. Akajibiwa ni siri ya kitaalamu. Ukutani kuna cheti chenye fremu ya dhahabu. Nimeonyeshwa picha yake, ni leseni ya biashara. Wana pia namba ya usajili wa utafiti kwenye daftari la kimataifa la majaribio, wameiandika kwa wino mwekundu. Daftari lile mwenye utafiti anajiandikisha mwenyewe, na kuwemo humo hakumaanishi kuna mamlaka iliyokupa ruhusa. Kadhalika majaribio haya ya kweli hayamwambii mgonjwa auze kiwanja ili aingie. Anayekutoza mamilioni kwa kitu anachokiita utafiti anachotafiti ni mfuko wako.

Kwa nini kituo hiki hakiguswi? Hujatueleza, kwa hiyo acha nikisie. Huenda aliyetoa leseni ni wizara nyingine na kila mmoja anamtazama mwenzake. Huenda wanasheria wako wanaogopa ile hoja kwamba seli za mtu mwenyewe zikirudishwa mwilini mwake si dawa. Kama ni hiyo, waambie hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani Marekani, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaikataa, ikasema seli hizo ni dawa na zinadhibitiwa kama dawa. Huko walikuwa wameshajifunza kwa uchungu. Wanawake watatu walidungwa machoni, katika kliniki ya Florida mwaka 2015, seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao wenyewe, wakapoteza uwezo wa kuona. Au huenda kuna mkubwa mwenye hisa pale. Nimelisikia hilo kwenye foleni na siwezi kulithibitisha, lakini ukimya wako unalifanya lizidi kuaminika. Hilo ulijue.

Pengine nawe unatuona wachache, wazee, watu wa kumalizia siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wenye Parkinson duniani walikuwa zaidi ya milioni 8.5, na kwamba idadi hiyo imekuwa maradufu ndani ya miaka 25. Watu wanaishi zaidi, ndiyo. Zipo pia kemikali za kuulia magugu ambazo tafiti zimezihusisha na ugonjwa huu, nami ujana wangu wote nimepuliza dawa shambani bila hata kitambaa puani, kwa hiyo langu nalishuku. Kikundi chetu kina wenye umri wa miaka arobaini na kitu, wana watoto wa shule. Mei 2022 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mpango wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wa hadi mwaka 2031, na dawa muhimu zimo ndani yake. Mpango huo uko mezani kwako. Kama umefunikwa na mafaili, niko tayari kuja kusaidia kuyapangua, ila nitachelewa kidogo mlangoni.

Nilikuwa nimekusudia kukudai mengi. Daktari bingwa angalau mmoja katika kila hospitali ya rufaa. Daftari la wagonjwa, ili tiba ya kweli ikipata kibali tujulikane tuko wangapi na nani anafaa, tusije tukaanza kuhesabiana wakati wenzetu wanapandikizwa. Wauguzi waliofundishwa kwamba mgonjwa wa Parkinson akilazwa anapewa kidonge chake kwa saa yake, hata kama saa hiyo haiendani na zamu. Levodopa dirishani. Levodopa dirishani, Mheshimiwa. Hayo yote bado nayadai, na karatasi ile ya njano naiomba niibandue kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini kwa wiki hii nashusha madai hadi moja, kwa sababu kuna mtu mahali fulani anatafuta mteja wa kiwanja chake. Tamka. Kwa sauti yako, kwa jina la wizara yako, kwenye redio na kwenye hizohizo simu wanakotangaza wao. Usiunde tume. Usituite kwenye kongamano, kwa kweli tunachoka kukaa. Ili nisikusumbue nimekuandikia na rasimu:

"Wizara haijatoa kibali kwa kituo chochote kutibu ugonjwa wa Parkinson kwa seli shina. Mgonjwa asiache levodopa bila kuelekezwa na daktari wake. Kuiacha ghafla kunaweza kuua. Aliyetozwa fedha kwa tiba hiyo atoe taarifa, na kituo kitafungwa wakati uchunguzi ukiendelea."

Kama kibali kipo, basi badilisha sentensi ya kwanza. Andika kimetolewa na nani, lini, na kwa ushahidi upi, nasi tutausoma. Kama hakipo, rasimu iko tayari. Haihitaji bajeti wala kikao cha wadau. Inahitaji saini yako tu, na yako, naamini, benki bado wanaitambua.

Wako, bado mtiifu,

Mgonjwa wa Parkinson